ER, M*A*S*H au House: uanze na ipi?

Mdogo wangu anaanza chuo cha uuguzi mwezi ujao. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Dada, nataka tamthilia ya hospitali, moja ya zile za zamani ambazo wewe na mama hamchoki kuzisifia. Nianze na ipi?" Nilidhani nitamjibu kwa neno moja. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka chai ikapoa. Zipo tatu ambazo ningempa mtu ninayempenda: ER, M*A*S*H na House. Zote ni za Marekani, zote zimekwisha kitambo, na zote bado zina watu wanaozirudia kila mwaka kama wanaorudi kwao sikukuu. Lakini hazifanani hata kidogo, na ukianza na isiyokufaa unaweza kuzikatia tamaa zote tatu.

Nyingi nimezitazama nikiwa mkekani, ubavuni kwa mama. Mama ni mkunga mstaafu, na hajawahi kumwona daktari wa kwenye runinga akamwacha apite bila kumsahihisha. Maoni yangu mengi nimeyarithi kwake. Tunapopishana nitasema.

Watu wakilinganisha tamthilia hizi huanza na nani mzuri wa sura, nani anampenda nani, au dawa gani imetajwa sawasawa. Mimi nina kipimo kimoja tu: mgonjwa akifa, tamthilia inafanya nini katika dakika tano zinazofuata? Kumponya mgonjwa kwenye karatasi si kazi, mwandishi yeyote anaweza. Kifo ndicho kinachoonyesha tamthilia ilitungwa kwa moyo gani, na naamini ndicho kinachowarudisha watu miaka thelathini, arobaini, hata hamsini baadaye.

Kwanza hesabu, kwa anayetaka kujua anajitia kwenye safari ya urefu gani. ER ilirushwa na NBC kuanzia Septemba 1994 hadi Aprili 2009, misimu 15, sehemu 331, kila moja kama dakika 45. M*A*S*H ilikuwa ya CBS, kuanzia Septemba 1972 hadi Februari 1983, misimu 11, sehemu zaidi ya 250, lakini nyingi hazifiki nusu saa. House ilikuwa ya Fox, kuanzia Novemba 2004 hadi Mei 2012, misimu 8, sehemu 177. Kwa muda peke yake House ndiyo nyepesi kumaliza kuliko ER, na M*A*S*H ndiyo rahisi kuipachika kati ya kazi na kazi.

ER: mlango haufungwi

Michael Crichton, aliyeitunga ER, alisomea udaktari Harvard huku akiandika riwaya. Mwaka 1974 aliandika mchezo wa filamu kuhusu saa 24 za chumba cha dharura, akauweka. Ulikaa miaka ishirini bila mtu wa kuuchukua. Ulipochukuliwa hatimaye, na kampuni ya Steven Spielberg, ukawa sehemu ya kwanza ya ER bila kubadilishwa sana. Hospitali yenyewe, County General ya Chicago, ni ya kubuni, lakini imechorwa kwa mfano wa Cook County, hospitali ya umma ya mji huo, ile inayompokea asiye na bima, mlevi, mtoto aliyepigwa risasi na bibi asiyejua Kiingereza.

Unachokiona kwanza ni mwendo. Machela inaingia, milango inapigwa teke, kamera inakimbia nayo, inazunguka kitanda, inaachana na daktari mmoja na kumfuata nesi anayevuka, na yote hayo bila kukatwa. Wanataja dawa na vipimo kwa kasi ambayo huwezi kuishika. Huhitaji kuishika. Nyuso zinatosha. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kusoma cheti cha dawa, aliielewa ER toka siku ya kwanza kuliko mimi.

Na sasa nije kwenye kipimo changu. Machi 1995, msimu wa kwanza, sehemu ya kumi na tisa: Love's Labor Lost, iliyoongozwa na Mimi Leder na kuandikwa na Lance Gentile, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa dharura. Mama mjamzito, anayekaribia kujifungua, anakuja na mumewe kwa sababu anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Wote wawili ni wachangamfu, wanataniana. Daktari Mark Greene, mtu mpole, mtu ambaye ungetaka akupokee wewe, anaona ni maambukizi ya njia ya mkojo, anampa dawa na kumruhusu aende nyumbani.

Hapo mama aliacha kuchambua mchele. Akasema, "Mbona hawajarudia kupima presha?"

Dakika chache baadaye yule mwanamke anarudishwa akiwa anatetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba. Kwetu mkunga yeyote analijua jina hilo kama anavyolijua jina la mwanawe. Ni moja ya sababu kubwa zinazoua akina mama wakati wa uzazi Tanzania mpaka leo. Kuanzia hapo, kwa karibu nusu saa, tamthilia haitoki sana chumba kile. Mtaalamu wa uzazi anaitwa, anachelewa. Greene anaendelea. Mabega ya mtoto yanakwama. Anaamua kupasua yeye mwenyewe, katika chumba kisichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtoto anatoka, anahuishwa, anaishi. Mama yake anavuja damu, na hakuna kinachoizuia.

Dakika tano za baadaye ndizo hizi. Greene anakwenda kwa mume, ambaye amempakata mtoto. Sisi hatupelekwi karibu. Tunatazama kwa mbali, kupitia kioo, pamoja na Carter, mwanafunzi wa udaktari, na tunaona tu bega la yule mume likishuka. Baadaye Carter anamwambia Greene kwamba alichokifanya mle ndani kilikuwa cha kishujaa. Greene hana jibu. Anapanda treni ya kwenda nyumbani, anakaa peke yake kwenye behewa, na analia. Ndipo inapoishia. Hakuna anayekuja kumwambia si kosa lake, kwa sababu kwa sehemu fulani ni kosa lake.

Mama alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akasema, "Hii imeandikwa na mtu aliyewahi kukaa chumba kile." Alikuwa hajui habari za Lance Gentile. Aliijua kazi.

Ndiyo maana ER inadumu. Daktari anakosea, kosa halifutwi sehemu inayofuata, na wiki inayokuja lazima arudi zamu. Greene alibeba jambo lile kwa misimu. Alipofariki yeye mwenyewe kwa uvimbe wa ubongo, Mei 2002, msimu wa nane, watazamaji walimlilia kama jirani.

Kuna mambo mengine mawili ya ER ambayo mdogo wangu hatayapata kwingine. La kwanza ni wauguzi. Carol Hathaway, nesi mkuu aliyechezwa na Julianna Margulies, analetwa hospitalini katika sehemu ya kwanza akiwa yeye ndiye mgonjwa, amemeza dawa kwa kukata tamaa ya maisha. Waandishi walikusudia afe. Walioonyeshwa sehemu hiyo kwa majaribio walimpenda, akaachwa aishi, akawa uti wa mgongo wa misimu sita. Nyuma yake kuna kina Haleh, Lydia, Malik na Chuny, manesi wanaokaa miaka na miaka, wanaojua dawa iko kabati gani na daktari yupi mgeni ataua mtu asipoangaliwa. Nesi atakayetazama ER atajiona.

La pili ni Jeanie Boulet, aliyechezwa na Gloria Reuben. Mwaka 1996 anagundua ana VVU, aliyoambukizwa na mumewe. Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Kwenye runinga za wakati ule mwenye VVU alitokea ili afe. Jeanie hakufa. Alificha, akagundulika, akapigania kubaki kazini, akabaki, akapenda tena, akalea mtoto aliyekuwa naye ana virusi. Aliporudi kututembelea mwaka 2008 alikuwa mzima. Nilikuwa binti mdogo nilipomwona mara ya kwanza, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia watu wengi kwetu, na mtaani ugonjwa ule ulitajwa kwa kunong'ona. Siwezi kueleza ilikuwa na maana gani kumwona mwanamke mweusi, msafi, mwenye hasira zake na vicheko vyake, akivaa glavu na kuendelea na kazi.

Halafu kuna Kisangani. Msimu wa tisa unaishia, mwaka 2003, na Carter akienda Kongo kufanya kazi kliniki pamoja na Luka Kovač, daktari mwenzake. Niliposikia jina la mji nilikaa wima. Kisangani ni mji wa Kiswahili na Kilingala, na mwaka 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani yake siku sita huku raia wakiwa katikati. Tamthilia ya Chicago ilijaribu kuangalia huko, na naiheshimu kwa hilo. Lakini niseme ukweli: tunaiona vita ile kwa macho ya mgeni, na wenyeji wengi wanapita kama vivuli. Makemba, mwanamke mwenye asili ya Kongo anayefanya kazi ya UKIMWI, aliyechezwa na Thandiwe Newton, anasaidia kwa kiasi. Mama anazipenda sehemu hizi kuliko mimi. Anasema afadhali aliyekuja na hakuona vizuri kuliko ambaye hakuja kabisa.

Upungufu wa ER ni urefu. Misimu 15 ni mingi, na baada ya Greene kuondoka kuna miaka ambayo helikopta na vifaru vinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na nyuso. Ushauri wangu ni misimu minane ya kwanza yote, kisha sehemu za Kongo, kisha sehemu ya mwisho kabisa. Na usiiamini sana kwenye kufufua watu. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliohesabu wagonjwa waliokandamizwa kifua kwenye ER na vipindi vingine viwili vya wakati huo: asilimia 75 walirudiwa na uhai papo hapo. Wodini mambo hayako hivyo, na mdogo wangu atalijua hilo mapema kuliko anavyotaka.

M*A*S*H: wanaocheka ili wasiraruke

Hii ni hospitali ya jeshi la Marekani, kambi ya mahema nambari 4077, katika Vita vya Korea. Chanzo chake ni riwaya ya mwaka 1968 iliyoandikwa na daktari wa upasuaji aliyehudumu kwenye hospitali kama hiyo, ikatengenezwa filamu, kisha tamthilia. Vita yenyewe ilichukua miaka mitatu. Tamthilia ilichukua kumi na moja, na ilianza wakati vijana wa Kimarekani wanakufa Vietnam, kwa hiyo kila mtu aliyeitazama alijua inazungumzia vita gani hasa.

Utakapoanza utadhani umekosea njia. Ni vichekesho. Hawkeye Pierce, daktari mpasuaji aliyechezwa na Alan Alda, anatengeneza pombe ndani ya hema na kumtania kila mwenye cheo. Koplo Klinger anavaa magauni ili jeshi limwone kichaa limrudishe nyumbani. Unacheka. Kisha kipaza sauti kinatangaza, helikopta zinatua na vijana waliochanika, na utani unaendelea juu ya matumbo yaliyo wazi, kwa sauti ileile, na hapo unaelewa kwamba utani ni dawa ya ganzi, na wanaoihitaji ni madaktari.

CBS ilitaka vicheko vya kurekodiwa viwekwe. Waliotengeneza hawakutaka, na walichofanikiwa kuokoa ni kwamba ndani ya chumba cha upasuaji vicheko havikuruhusiwa. Uingereza BBC iliirusha bila vicheko kabisa. Ukiipata kwenye DVD unaweza kuchagua kuvizima. Vizime. Ni tamthilia nyingine kabisa, na ni bora mara mbili.

Sasa dakika zile tano. Machi 1975, mwisho wa msimu wa tatu. Kanali Henry Blake, mkuu wa kambi, mzembe, mwema, kapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Wanamfanyia karamu, kavaa suti mpya, anawaaga mmoja mmoja. Anaondoka. Tunarudi chumba cha upasuaji, kazi inaendelea kama kawaida. Radar, karani mdogo aliyempenda kama baba, anaingia bila barakoa. Anafokewa avae barakoa. Hajibu. Anasoma karatasi: ndege ya Henry Blake imedunguliwa juu ya bahari ya Japani, hakuna aliyenusurika.

Waigizaji wengi hawakupewa ukurasa ule mpaka siku ya kupiga picha. Baada ya Radar kusoma, hakuna muziki. Unasikia vyuma vya upasuaji tu, na kimoja kinaanguka. Mikono haisimami. Haiwezi kusimama, kuna mtu mezani amefunguliwa. Barua za hasira zilimiminika, watu wakiuliza kwa nini kipindi cha kuchekesha kiliwafanyia vile.

ER inakupa treni ya kulilia. M*A*S*H hata treni haikupi. Unalia huku unashona.

Nitaje na sehemu nyingine, The Interview, ya Februari 1976, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kama habari za vita. Mwandishi wa habari anawauliza mmoja mmoja vita imewabadilishaje. Padri Mulcahy, ambaye kwa kawaida ni wa kuchekesha, anaeleza kwamba wakati wa baridi, daktari akimpasua mgonjwa mvuke hutoka mwilini, na daktari husogeza mikono juu ya kidonda apate joto. Anauliza kama mtu anaweza kuliona jambo hilo asibadilike. Maelezo hayo yalitokana na mambo ambayo madaktari wa kweli wa vita ile waliwasimulia waandishi, na sijaona tamthilia nyingine yoyote ya hospitali yenye mstari mzito kuliko huo.

Makosa yake ni ya zama zake. Misimu ya kwanza manesi ni wa kufukuzwa-fukuzwa nyuma ya mahema, na Wakorea, ambao nchi ni yao, mara nyingi wako pembeni. Margaret Houlihan, nesi mkuu aliyechezwa na Loretta Swit, alianza kama kichekesho na akaishia kuwa mtu. Ukitaka kuona mgeuko ulipotokea tafuta sehemu iitwayo The Nurses, ambapo anawageukia manesi walio chini yake na kuwauliza kama kuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kikombe cha kahawa. Kila nesi mkuu ninayemjua anaijua kiu ya kahawa ile.

Sehemu ya mwisho, Februari 28, 1983, ilitazamwa na Wamarekani kama milioni 106. Sitasimulia kilichomo. Nitasema tu kuna basi, kuna mwanamke, na kuna kuku, na usiitazame kabla ya kuwajua watu wale vizuri.

House: mficha maradhi

Gregory House ni bingwa wa magonjwa yaliyowashinda wengine. Ana mguu mbovu, anatembea na mkongojo, anameza vidonge vya maumivu kama karanga, na hapendi kuonana na wagonjwa. Imani yake ni kwamba kila mtu hudanganya. Sisi tulishalisema zamani kwa njia yetu, mficha maradhi kilio humfichua, na tamthilia nzima ni methali hiyo ikirudiwa mara 177: mgonjwa anaanguka, madaktari wanakisia, wanakosea, wanakisia tena, wanakosea, kisha siri moja ya nyumbani inatoka na ugonjwa unajulikana.

Ni fumbo la kipelelezi, na David Shore, aliyeitunga, hakuficha kwamba House ni Sherlock Holmes aliyevaa viatu vya raba. Hugh Laurie ni Mwingereza. Alijirekodi kuomba nafasi hiyo akiwa hotelini Namibia, alikokuwa akipiga picha za filamu nyingine. Anaibeba tamthilia yote mgongoni.

Lakini kwa kipimo changu inapungua. Mgonjwa akifa House, jambo linaloumiza zaidi ni kwamba fumbo lilichelewa kufumbuliwa. Ubao mweupe unafutwa, dalili mpya zinaandikwa. Zipo sehemu zinazovuka hapo. Three Stories, ya mwaka 2005, inamweka House mbele ya wanafunzi akieleza habari za wagonjwa watatu wenye maumivu ya mguu, na taratibu unagundua mmoja wao ni nani. Mwisho wa msimu wa nne nao ni mzito, na urafiki wake na daktari Wilson ni kati ya urafiki wa wanaume uliosimuliwa vizuri zaidi kwenye runinga. Nikitaka akili yangu ifanye kazi usiku wa Jumamosi, naweka House.

Mama hataki hata kuisikia. "Manesi wako wapi?" anauliza. Kweli, madaktari wa House wanatoa damu wenyewe, wanapima maabara wenyewe, wanaendesha mashine wenyewe, hata nyumba za wagonjwa wanazivunja wenyewe. Kwa anayekwenda kusomea uuguzi hilo si dogo.

Nilizoziacha nje

St. Elsewhere, NBC, 1982 hadi 1988, hospitali chakavu ya Boston, Denzel Washington akiwa kijana: bila hiyo ER isingekuwa vile ilivyo, na nampa anayetaka kuchimba mizizi, si anayeanza. Grey's Anatomy ilianza 2005, mwaka 2019 ikaipita ER kwa idadi ya sehemu, na bado inaendelea. Nawaheshimu wanaoipenda, na Miranda Bailey ni daktari ambaye ningemkabidhi mtoto wangu, ila mapigo ya moyo yanayopimwa mle ni ya mapenzi. Na kama umesikia watu wanasifu The Pitt, iliyoanza 2025 na kupata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka huohuo, jua kwamba daktari mkuu mle ni Noah Wyle, yule Carter aliyesimama nyuma ya kioo. Ukiitazama baada ya ER unamwona mtu aliyezeeka kazini. Ukiitazama kabla, hilo linakupita.

Kwa hiyo

Kama siku yako imekuwa ngumu na unataka nusu saa ya watu wanaopendana, chukua M*A*S*H, ila ipe misimu miwili ikuzoee kabla hujaihukumu. Kama unapenda kutegua kitendawili na huna haja ya kumpenda daktari, House, misimu minne ya kwanza. Kama una wazazi wazee chumbani, M*A*S*H tena; kama kuna watoto wadogo, hakuna hata moja, maana ER ina damu na House ina vidonge.

Lakini mtu anayekwenda kuvaa sare nyeupe, anayetaka kujua itakuwaje siku atakapofanya yote na bado haikutosha, nampa ER bila kusita. Nilimwandikia hivyo. Nikamwambia aanze na sehemu ya kwanza, ile ndefu, asiruke kitu, na akifika ya kumi na tisa asiitazame peke yake.

Hakunisikia. Juzi saa nane usiku simu ililia. Hakuna salamu, hakuna kitu, mstari mmoja tu: "Dada, kwa nini hawakurudia kupima presha?"